Mwenye Gazeti na Mwenye Lugha: Historia ya Gazeti la Kiswahili kwa Mtazamo wa Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi



Historia ya magazeti ya Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kutoka chumba cha mhariri. Tunaambiwa gazeti lilianzishwa na nani, mwaka gani, kwa fedha za nani, na hatimaye lilifungwa kwa amri ya nani. Masimulizi ya namna hiyo yana manufaa yake, nami nitayategemea katika mhadhara huu. Hata hivyo, kwa mwanaisimu yana upungufu mmoja mkubwa: yanamwacha msomaji nje ya mlango, kana kwamba gazeti ni barua isiyokuwa na mpokeaji.

Mhadhara huu unaitazama historia hiyohiyo kutoka upande wa mpokeaji, na hasa mpokeaji wa Handeni na Korogwe. Nimezichagua wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga kwa sababu zinapakana lakini hazikulipokea gazeti kwa njia moja. Korogwe ilifikiwa na reli mapema, Handeni haikufikiwa. Lugha za asili huko ni Kizigua, Kishambaa na Kibondei, wala si Kiswahili. Kwa hiyo, katika wilaya hizi tunaweza kuona jinsi lugha ya jirani wa pwani ilivyogeuka kuwa lugha ya mwenyeji wa bara, na gazeti lilichangia nini katika mageuko hayo. Handeni ninayoizungumzia ni ile ya zamani, iliyojumuisha pia eneo ambalo tangu mwaka 2002 ni Wilaya ya Kilindi.

Hoja yangu ni kwamba mwenye gazeti na mwenye lugha ni watu wawili. Mwenye gazeti alikuwa misheni, kisha dola ya kikoloni, kisha chama, kisha mfanyabiashara. Mwenye lugha alikuwa yule msomaji wa wilayani aliyepata nafasi ya kujibu. Gazeti la Kiswahili lilistawi kila msomaji huyo alipokuwa pia mwandishi, na lilidhoofu kila alipoachiwa kazi ya kusikiliza tu. Ili tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu, nitalilinganisha na lile la Urusi, nchi ambayo gazeti lake limepita mikononi mwa chama, soko na dola katika umri wa mtu mmoja.

2.0 Misheni, Shule na Reli: 1888–1916

Gazeti la kwanza tunalopaswa kulitaja ni Msimulizi, lililoanza kutolewa mwaka 1888 katika Chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Katika miaka ya 1890 misheni hiyohiyo ilianza kutoa Habari za Mwezi huko Magila, katika nchi ya Bonde. Misheni hiyo ilikuwa na kituo Korogwe, na baadaye ilijikita pia Uzigua, katika vituo kama Kideleko na Kwamkono. Walimu wake wengi walisomea Kiungani. Hivyo, gazeti lilipofika katika vituo hivyo lilipokelewa na watu waliojua kusoma na ambao wengine walifahamiana na waandishi wake. Habari zilihusu shule, safari, misiba, mavuno na ibada. Ulikuwa ni ulimwengu mdogo, lakini ndani yake mwalimu wa kijijini aliandika na kusomwa.

Gazeti la pili, lenye athari kubwa zaidi kilugha, ni Kiongozi. Lilianza kutolewa mnamo mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga. Shule hiyo ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 ili kupata makarani, walimu na maakida wa dola ya kikoloni, na ilikuwa na kiwanda chake cha uchapaji. Kiongozi liliandikwa kwa hati za Kirumi wakati ambapo watu wengi wa pwani waliojua kuandika walitumia hati za Kiarabu. Kwa mtu wa Korogwe au Handeni jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Hakuwa na urithi mrefu wa hati za Kiarabu kama mtu wa Pangani. Hati za Kirumi zilimfikia pamoja na shule, na gazeti likazithibitisha kuwa ndizo hati za habari.

Hapa hatuna budi kuikumbuka reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kwa hiyo Kiongozi lilipozaliwa, Korogwe ilikuwa tayari kwenye njia ya garimoshi kutoka mji ule ule uliolichapa. Handeni ilisubiri mchukuzi wa miguu, na baadaye lori. Tofauti hii ya siku chache iliendelea kuwapo kwa miongo mingi, nayo ilifanya Korogwe iwe mahali ambapo habari hufika na Handeni iwe mahali ambapo habari huletwa.

Jina Kiongozi halikuchaguliwa bure. Msimulizi ni mtu akaaye nawe na kukuhadithia. Kiongozi hukutangulia, nawe humfuata. Jina linatueleza namna dola ilivyomwona msomaji. Lakini kurasa zenyewe zilisema zaidi ya jina, kwa maana zilijazwa pia na barua za walimu, makarani na maakida walioandika habari za mahali walipopangiwa kazi. Kiongozi lilikoma mwaka 1916, mwaka ambao majeshi ya Waingereza yaliiteka Tanga. Lilikuwa limekwisha kuzoeza kizazi kimoja kuamini kwamba jambo la wilayani linaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na watu wasioonana.

3.0 Mambo Leo na Mwandishi wa Wilayani

Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika, chini ya Waingereza, ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililochapwa Dar es Salaam. Wakati huo usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa ukikaribia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Vitabu vya historia ya lugha yetu huipa Kamati hiyo sifa nyingi, na inastahili. Lakini Kamati iliweza kuidhinisha kamusi na vitabu vya shule tu. Ni gazeti lililoufikisha usanifu nyumbani kwa mtu mzima ambaye shule alikwisha kuiacha.

Namna lilivyofanya hivyo inatufundisha mengi. Mambo Leo lilikuwa na sehemu ya habari za miji, ambamo watu wa wilaya mbalimbali walituma taarifa za mvua, njaa, ujenzi, michezo, ndoa na vifo. Lilikuwa pia na ukurasa wa mashairi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, ni mmoja wa waliochapisha mashairi yao humo kabla ya kuwa na vitabu. Kwa ukurasa huo, shairi la kujibizana, ambalo pwani lilikuwa jambo la ana kwa ana, liliweza kusafiri. Mtu wa bara aliyejifunza mizani na vina kwa kuyasoma gazetini aliweza kumjibu mtu wa pwani aliyeyarithi kwa babu yake.

Tufikirie kazi ya kilugha aliyoifanya mwandishi kama huyo. Nyumbani, Mshambaa husema muntu. Katika barua yake kwa mhariri aliandika mtu. Alikuwa akifanya jambo zaidi ya kutohoa sauti. Alikuwa akichagua hadhira. Akiandika kwa namna ya nyumbani angeeleweka na majirani. Akiandika kwa namna ya gazeti angeeleweka Kigoma, Lindi na Unguja. Barua yake ilipotoka imechapwa, aliisoma tena na kuona mhariri alipobadilisha. Hilo lilikuwa somo la sarufi ambalo hakulipa ada, na lilirudiwa kila mwezi. Hivyo Kiswahili Sanifu hakikushuka kutoka juu tu kama amri. Kilijengwa pia kwa maelfu ya barua za watu waliokubali kujirekebisha ili wasikike.

Ni jambo la kuzingatia kwamba katika muongo huohuo wa 1920, nchini Urusi, Chama cha Kikomunisti kilikuwa kikiunda jeshi la waandishi wa aina hiyo. Pravda, yaani Ukweli, lilianza mwaka 1912; Izvestia, yaani Habari, lilianza mwaka 1917. Maria Ulyanova, mdogo wake Lenin, aliyekuwa katibu wa Pravda, alisimamia kwa bidii kazi ya kuwapata wafanyakazi wa viwandani na wakulima watakaoandikia gazeti. Wale wa viwandani waliitwa rabkor na wale wa vijijini selkor. Walitakiwa kufichua ulevi wa maofisa, wizi wa nafaka na uonevu. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka 1924 mmoja wao, Grigory Malinovsky, aliuawa katika kijiji cha Dymovka, Ukraine, kwa sababu ya habari alizoandika.

Tofauti ni dhahiri. Selkor aliagizwa kufichua, ilimradi ufichuzi wake usipande juu hadi kwa wakuu wa chama. Mwandishi wa Mambo Leo alitarajiwa kuarifu, kusifu na kuonya kwa adabu, bila kuigusa serikali iliyolimiliki gazeti. Hata hivyo wote wawili walipata kitu ambacho mwenye gazeti hakukusudia kuwapa: mazoea ya kuandika hadharani. Mazoea hayo, yakishapatikana, hayarudishwi kwa mwenyewe.

4.0 Gazeti la Madai

Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyefanya biashara Dar es Salaam, alianzisha Kwetu. Hebu tulitazame jina hilo kwa jicho la sarufi. Ni kimilikishi cha nafsi ya kwanza wingi, chenye maana ya mahali. Kwa mara ya kwanza jina la gazeti lilisema kwa kinywa cha Mwafrika mwenyewe na kuzungushia ua mahali pake. Kwetu lilizungumzia mishahara, kodi na heshima ya Mwafrika kwa namna ambayo Mambo Leo lisingeweza.

Baada ya TANU kuzaliwa mwaka 1954 madai yaliongezeka. Mwafrika lilianza mwaka 1957, na wahariri wake, Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdellah, walifungwa gerezani kwa kosa la uchochezi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU kuhusu mwenendo wa wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 badala ya kifungo. Tuangalie kiini cha kesi hiyo. Makala ilihusu utawala wa wilayani, yaani jambo ambalo msomaji wa mahali kama Handeni alilijua kuliko mhariri yeyote wa mjini.

Mwaka 1959 likaja Ngurumo, gazeti la kila siku lililotolewa na kampuni ya uchapaji ya Randhir Thaker. Lilikuwa la bei nafuu, lenye lugha nyepesi ya mtaani na mashairi mengi. Mwaka huohuo washairi waliounganishwa na kurasa za magazeti waliunda chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Korogwe, wilaya ya mashamba ya mkonge, ilikuwa na manamba waliotoka pembe zote za nchi na nje yake. Kambini, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha pekee ya wote. Katika mazingira kama hayo idadi ya nakala zilizouzwa haitupi idadi ya wasomaji, kwa sababu nakala moja ilisomwa kwa sauti na mmoja, ikasikilizwa na wengi, kisha ikabishaniwa.

5.0 Gazeti la Chama: Uhuru na Pravda

Uhuru, gazeti la TANU, lilizaliwa pamoja na uhuru wenyewe mwaka 1961. Mzalendo la Jumapili lilifuata mwaka 1972. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na mwaka huohuo Ngurumo likakoma. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, msomaji wa Kiswahili wa Tanzania Bara aliyetaka gazeti la kila siku alikuwa na Uhuru.

Nadharia ya gazeti la chama ilikuwa imekwisha kuelezwa na Lenin mwaka 1901, alipodai kwamba kazi ya gazeti si kueneza fikra tu bali pia kuhamasisha na kuwaunganisha watu. Tanzania haikuwa Muungano wa Kisovieti, na Ujamaa haukuwa Ukomunisti. Mwalimu alilisisitiza hilo mara nyingi. Lakini kama chombo, Uhuru na Pravda walikuwa ndugu. Wote wawili walilipatia taifa msamiati wa kisiasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maneno kama unyonyaji, kupe, kabaila, kujitegemea na ndugu yalipata maana zilizowekwa bayana na kurudiwa kila siku. Mtu wa Handeni ambaye hajamwona kabaila aliweza kumweleza kwa ufasaha.

Warusi walikuwa na mzaha uliotokana na majina ya magazeti yao: katika Ukweli hamna habari, na katika Habari hamna ukweli. Mzaha huo unatuelekeza kwenye swali la kiisimu. Gazeti la chama haliongopi kwa kusema uongo tu. Mara nyingi huficha kwa sarufi.

Nitoe mfano wa Handeni. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoguswa mapema na mipango ya makazi mapya; Kabuku palikuwa na skimu ya makazi na kilimo cha mkonge tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni agizo, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa mashambani awe ndani ya kijiji. Lugha ya majukwaa na ya magazeti ilipendelea kitenzi kuhamia: wananchi wanahamia vijijini. Lugha ya waliofunga mizigo ilikuwa kuhamishwa. Mzizi ni uleule, -ham-. Kiambishi -i- cha kutendea kinamfanya mwananchi mtenda anayeelekea mahali alipopachagua. Viambishi -ish- na -w- vinaonyesha kwamba yupo mtu mwingine aliyesababisha, na kwamba mwananchi ndiye aliyetendwa. Historia nzima ya Operesheni Vijiji imo katika nafasi hiyo ndogo kati ya mzizi na irabu ya mwisho. Mwandishi wa wilayani ambaye angeandika kuhamishwa angekuwa ameandika habari. Aliyeandika kuhamia alikuwa ametoa tangazo.

Hata hivyo, haki itendeke. Chama hichohicho ndicho kilichompatia mwanakijiji uwezo wa kusoma. Kampeni za kisomo cha watu wazima zilishusha kiwango rasmi cha wasiojua kusoma na kuandika hadi asilimia 39 mwaka 1975 na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Huko Kanda ya Ziwa, tangu mwaka 1974, mradi wa kisomo ulichapa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa nakala zipatazo 100,000 kila mwezi. Aidha, kurasa za barua za wasomaji hazikufungwa. Kama ilivyokuwa Urusi, mtu aliweza kulalamikia duka la ushirika lisilo na sabuni, au katibu asiyefika kazini. Barua ilipanda ngazi hadi mahali fulani, kisha ikasimama. Msomaji mwerevu alijifunza ngazi hiyo iko wapi.

Kuna jambo moja ambalo Urusi na Tanzania zilitofautiana kabisa. Muungano wa Kisovieti ulikuwa na magazeti katika lugha nyingi za mataifa yake, zikiwamo Kitatari, Kijojia na Kiuzbeki. Hapa kwetu, magazeti ya lugha za asili hayakupata warithi. Matokeo yake ni kwamba Mzigua na Mshambaa walipewa gazeti moja na Msukuma na Mmakonde, wakapata taifa moja la mazungumzo. Lakini Kizigua na Kishambaa hazikupata nafasi ya kujijengea msamiati wa habari na mijadala ya kisasa. Wasomi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuyataja yote mawili, faida na gharama yake, bila kuficha moja kwa ajili ya lingine.

6.0 Uwazi, Mageuzi na Soko

Katikati ya miaka ya 1980 maneno mawili ya Kirusi yalienea duniani: glasnost na perestroika. La kwanza kwa Kiswahili ni uwazi. La pili ni kujenga upya. Magazeti ya Urusi yalifumuka. Sheria ya habari ya Juni 1990 iliondoa udhibiti wa kabla ya kuchapa. Mwaka huohuo gazeti la kila wiki la Argumenty i Fakty lilifikia nakala zaidi ya milioni 33, kiasi ambacho hakijapata kufikiwa na gazeti lingine la wiki. Yafaa tukumbuke kwamba gazeti hilo lilijengwa juu ya maswali ya wasomaji: msomaji aliuliza, gazeti likajibu. Agosti 1991, baada ya jaribio la mapinduzi, Boris Yeltsin alilisimamisha Pravda. Mwaka 1992 bei zilipoachiwa huru, karatasi na usafirishaji vilipanda ghafla na nakala zikaporomoka. Msomaji aliyepewa uhuru wa kusoma kila kitu alikosa fedha za kununua chochote.

Kwetu, neno lililotumika ni mageuzi. Mwaka 1988 Business Times lilivunja ukimya kwa Kiingereza. Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni mwaka 1991, ilikuta kwamba walio wengi walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Magazeti ya Kiswahili yakafuatana: Majira na Rai mwaka 1993, kisha Nipashe, Mtanzania, na mwaka 2000 Mwananchi. Mnamo mwaka 2006 serikali nayo ikaanzisha Habari Leo. Rais Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alipata kuwa mhariri, aliingia madarakani mwaka 1995 na kaulimbiu ya Uwazi na Ukweli. Kwa mtu anayejua Kirusi, hapo palikuwa na glasnost na pravda katika kaulimbiu moja.

Turudi kwenye majina. Kiongozi linamtangulia msomaji. Uhuru na Mzalendo yanamwambia afurahie nini na awe nani. Rai ni maoni, na maoni yana mwenyewe. Nipashe ni la ajabu kuliko yote, kwa sababu ni kitenzi chenye kiambishi cha nafsi ya kwanza, ni-. Msemaji wake ni msomaji. Yeye ndiye anayeamuru apashwe. Kwa sarufi ya jina, baada ya miaka zaidi ya mia moja, msomaji alikuwa amepewa kiti cha mbele.

Je, kiti hicho alikikalia? Kwa kiasi. Soko lilileta ushindani, na ushindani ulileta ufichuzi wa rushwa ambao Uhuru wa miaka ya 1970 usingethubutu. Lakini soko lina jiografia yake. Tangazo la biashara humfuata mnunuzi, na mnunuzi mwenye fedha yuko mjini. Mwandishi wa wilayani akawa analipwa kwa habari iliyotumika, si kwa mwezi, na habari inayotumika ni ajali, mauaji na ziara ya kiongozi. Ile habari ya mvua, ya mnada wa Mkata au ya shule iliyoezekwa upya, ambayo ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha Mambo Leo, ilikosa mnunuzi.

7.0 Kutoka Karatasi hadi Simu

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidumu katika mfumo wa vyama vingi hadi ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Sheria mpya iliweka leseni mahali pa usajili na kubakiza uwezo wa kulifungia gazeti. Mawio na Mwanahalisi yalifungiwa mwaka 2017, na mwaka 2020 Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama tawala, lilisimamishwa kwa siku 14 kwa habari iliyomhusu Rais. Februari 2022 serikali iliyafungulia Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima.

Yupo mtu mmoja ambaye mhadhara kuhusu mwandishi wa wilayani hauwezi kumpita. Azory Gwanda aliliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, Mkoa wa Pwani, habari za mauaji yaliyoikumba wilaya hiyo. Alitoweka Novemba 2017. Huko Urusi, Novaya Gazeta, lililoanzishwa mwaka 1993, lilimpoteza Anna Politkovskaya, aliyeuawa Moscow mwaka 2006. Mhariri wake, Dmitry Muratov, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2021, na Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kutunga sheria kali dhidi ya taarifa za vita, gazeti hilo lilisimamisha uchapishaji wake. Kutoka Dymovka hadi Kibiti, aliye hatarini zaidi ni yule aandikaye akiwa karibu na jambo.

Wakati huohuo karatasi yenyewe inapungua umuhimu. Picha za kurasa za mbele hufika Handeni alfajiri kwa simu, wakati uleule zinapofika Korogwe. Ile tofauti ya reli na lori imefutika. Lakini kilichofika ni vichwa vya habari. Habari zenyewe zimebaki nyuma. Msomaji wa leo anaandika kuliko babu yake yeyote, tena kila siku, katika makundi ya simu. Anachokosa ni mhariri. Hakuna anayempelekea barua yake irudi ikiwa imesafishwa, wala hakuna anayemhakikishia kwamba alichokisoma kimepimwa kabla ya kutolewa.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba uhai wa gazeti la Kiswahili haupimwi kwa jina la mwenye gazeti pekee. Misheni, dola mbili za kikoloni, chama na soko, wote walidhani wanamwongoza msomaji. Naye aliwatumia wote kujifunza lugha, kisha akaidai kuwa yake. Pale aliporuhusiwa kusema kuhamishwa mahali pa kuhamia, gazeti lilikuwa gazeti. Alipozuiwa, lilibaki karatasi.

Kutokana na hayo, nina mapendekezo matatu. Kwanza, vyombo vya habari vya Kiswahili viwaajiri waandishi wa wilayani na kuwalinda, kwa kuwa wao ndio mizizi na si matawi. Pili, kurasa za barua na mashairi zirejeshwe, ziwe katika karatasi au katika intaneti, na zipewe wahariri wenye ujuzi wa lugha. Tatu, wanafunzi wa isimu waende kwenye nyaraka. Kurasa za Kiongozi, Mambo Leo na Ngurumo ni kongoo kubwa ya Kiswahili kilichoandikwa na watu wa kawaida, na zinapaswa kunakiliwa kidijiti kabla mchwa hawajazimaliza. Mwanafunzi atakayezifuatilia barua za Handeni na Korogwe, mwaka baada ya mwaka, ataiona lugha ikihama mikono kutoka kwa wachache hadi kwa wengi. Hakuna kitabu cha sarufi kitakachomwonyesha jambo hilo.